HESHIMA YA MGENI MWENYE ELIMU: Darsa juu ya Joho, Nishani na Hidaya Wanazopewa Masheikh

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyewanyanyua daraja wenye elimu, na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa mkarimu kwa wageni na mnyenyekevu katika utukufu wake, na Aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika Usukuma ya mashariki, nayo ndiyo nchi iliyofanywa mkoa wa Simiyu mwaka 2012 na makao yake yakawa Bariadi, ni ada ya tangu zamani kumtukuza mgeni. Mgeni mkubwa hupewa kigoda cha kukalia, na mkuki, na vazi la kitemi, na pengine huitwa jina jipya. Hizo ni alama zilizokuwa za Watemi wa Ntuzu na Itilima na Kanadi na penginepo, hata serikali ilipouondoa utemi mwaka 1963. Na vigoda na ngoma za Watemi huhifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya Wasukuma iliyoko Bujora, upande wa Mwanza, ili watoto waone waliyokuwa nayo babu zao. Wala ada hiyo haikufa pamoja na utemi. Kwani tarehe 8 Septemba 2021, huko Kisesa katika wilaya ya Magu, machifu walimvika Rais Samia Suluhu Hassan vazi la heshima wakamwita Hangaya.

Basi ada ikiwa ni hiyo, si ajabu kuwa masheikh wanaofika nchi hiyo nao hufanyiwa vivyo. Pamba ikisha kuuzwa na watu wakapata kidogo mkononi, hualikwa sheikh kutoka Unguja au Tanga au Mwanza, ama kwa maulidi, ama kwa kufungua msikiti, ama kwa kuwahitimisha wanafunzi wa madrasa. Na siku hiyo husimama jumuiya ya utamaduni, au wazee wa mji, au madrasa yenyewe, ikamvika joho, ikampa nishani au karatasi ya sifa, na mali juu yake. Na watu katika jambo hili wamekuwa makundi mawili. Wako wasemao kuwa yote hayo ni dunia tupu, wala mwenye elimu hapasiwi na kitu ila salamu. Na wako wasemao kuwa kila atoaye kwa ajili ya sheikh ametoa kwa ajili ya dini, basi hapana mpaka wala hesabu. Na haki iko baina ya kauli hizi mbili, kama yatakavyobainika inshallah.

FASLI YA KWANZA: ASILI YA KUMHESHIMU MWENYE ELIMU

Jua, ewe msomaji, ya kuwa kumheshimu mwenye elimu hakukuzuliwa na watu. Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratul-Mujadila kuwa Huwanyanyua daraja walioamini na waliopewa elimu. Na Abu Daud amepokea kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari khabari ya Mtume S.A.W. kuwa katika jumla ya kumtukuza Mwenyezi Mungu ni kuwatukuza watu watatu: Mwislamu mwenye mvi, na mwenye kuibeba Qur'ani asiyepita mpaka ndani yake wala asiyeitupa, na mtawala mwadilifu. Itazame vema sharti iliyofungwa kwa huyo wa pili. Haikutosha kuwa ameihifadhi. Imetakiwa asizidishe wala asiiache.

Na Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume S.A.W. aliwaamuru Ansari wamwinukie bwana wao Saad bin Muadh alipokuja juu ya punda wake, naye ni mgonjwa wa jeraha. Kwa Hadithi hiyo na mfano wake Imamu Nawawi alitunga risala mbali ya kubainisha kuwa kuwainukia watu wa fadhila, kwa wema na ukarimu si kwa kiburi, ni jambo linaloruhusiwa. Na khabari ya Ibn Abbas na Zaid bin Thabit ni mashuhuri kwa wanavyuoni: Ibn Abbas, pamoja na ujamaa wake na Mtume, alimshikia Zaid kipandio cha mnyama wake, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyofundishwa kuwafanyia wanavyuoni wao, na Zaid akaushika mkono wa Ibn Abbas akaubusu, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyofundishwa kuwafanyia watu wa nyumba ya Mtume. Basi aliyetukuzwa hakuipokea heshima akanyamaza, bali alimrudishia mwenziwe palepale.

Katika khabari hizi zote, kilichoheshimiwa si mwili wa mtu wala kilemba chake. Mtungi huwekwa kivulini kwa ajili ya maji yaliyomo ndani. Maji yakimwagika, mtungi hugeuzwa kazi. Na anayetaka kujua kuwa heshima ni ya elimu wala si ya mtu, na aitazame khabari ifuatayo.

FASLI YA PILI: SAYYID AHMAD BIN SUMAIT NA NISHANI YA SULTANI

Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumait alizaliwa Itsandraa, katika kisiwa cha Ngazija, mwaka 1277 wa Hijra, nao ni 1861 wa miladi. Asili ya wazee wake ni Shibam ya Hadhramaut. Baba yake alikuwa mtu wa elimu na wa biashara pamoja, na mwana naye katika ujana wake alisafiri baharini akaujua unahodha kama alivyoijua fikihi. Kisha, zama za Sayyid Barghash bin Said, akafanywa kadhi wa Unguja angali kijana.

Haukupita muda mrefu akaiacha kazi hiyo akasafiri, na katika miaka ya 1885 na 1886 alikuwa Istanbul, mji wa Masultani wa Kituruki. Huko alikuwa mgeni wa Sayyid Fadhl bin Alawi, Sharifu aliyetoka Malabar ya Bara Hindi, aliyekuwa na cheo kikubwa mbele ya Sultani. Na Sultani Abdulhamid wa pili akamtukuza mgeni huyo wa Afrika ya Mashariki kwa kumtunukia nishani ya Majidi.

Nishani hiyo iliwekwa mwaka 1851 na Sultani Abdulmajid, ikanasibishwa na jina lake, nayo ilikuwa na daraja tano. Walipewa mawaziri, na majemadari, na wakubwa wa nchi. Na ilipotokea vita vya Crimea, baina ya 1853 na 1856, ilitiwa pia juu ya vifua vya maofisa wa Kiingereza na wa Kifaransa waliopigana upande wa Waturuki. Basi fikiri: nyota ya namna moja alipewa ofisa wa Kizungu kwa ajili ya upanga wake, na akapewa kadhi wa Kishafii kwa ajili ya kalamu yake. Yaonyesha nini hayo? Yaonyesha kuwa nishani hueleza mapenzi ya aliyeitoa. Ama kilicho ndani ya kifua cha aliyepewa, hiyo haiwezi kukieleza.

Wakati huo Sayyid Ahmad alikuwa na umri wa miaka kama ishirini na mitano. Kijana wa umri huo akitukuzwa na Sultani mkubwa kuliko wote wa Waislamu, nafsi yake yaweza kumwambia kuwa amekwisha fika, hana haja tena ya mwalimu. Lakini yeye hakukaa katika kivuli cha makasri. Alitoka akaenda Misri na Makka, akaketi kama waketivyo wanafunzi mbele ya wanavyuoni, akazidi kutaka elimu. Mwaka 1888 alikuwa amekwisha rudi Unguja; akashika tena ukadhi, akahukumu na kufundisha hata alipofariki mwaka 1343 wa Hijra, nao ni 1925. Hiyo ni miaka thelathini na saba baada ya kurejea kwake, watu wakimjia kwa mirathi yao na talaka zao na mashamba yao, na wanafunzi wakimjia kwa vitabu vyao.

Ama dola iliyomtunukia, mwisho wake wajulikana. Sultani Abdulhamid aliuzuliwa mwaka 1909 akafa mwaka 1918. Usultani wa Kituruki ukafutwa mwaka 1922, na Ukhalifa ukafutwa Machi 1924. Sayyid Ahmad aliyaona hayo yote kabla ya kufa kwake. Akawa ameishi kuliko Sultani aliyempa, na kuliko kiti cha Sultani, na kuliko daraja zote tano za nishani ile. Lakini kitabu chake kidogo kiitwacho al-Ibtihaj, alichokitunga kueleza istilahi za Minhaj ya Imamu Nawawi, kingali kinasomwa. Mwanafunzi wa Kishafii akitaka kujua tofauti ya kauli iitwayo al-adhhar na iitwayo al-asahh, hukifungua kitabu hicho akapata jawabu, na huenda hajapata kusikia maishani mwake kuwa mwenye kitabu aliwahi kutunukiwa nishani.

Na sahibu yake, Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu na aliyesimamisha madrasa yake Ukutani, Unguja, alipata heshima ya namna nyingine. Mwaka 1913 alikwenda Cape Town, mwisho wa Afrika ya kusini, kwa sababu Waislamu wa huko walikuwa wamegombana juu ya sala ya Ijumaa, wakamhitaji mwanachuoni wa madhehebu yao wa kuwapatanisha. Huyu naye alikuwa mgeni mwenye kutukuzwa. Na utukufu wake ulikuwa kwamba watu waliogawanyika walikubali kuketi pamoja mbele yake. Mwaka aliofariki Sayyid Ahmad ndio aliofariki naye, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.

FASLI YA TATU: MIPAKA YA MWENYE KUTOA

Ikiisha kuthubutu kuwa asili ya jambo ni halali, yamebaki masuala ambayo watu wa Bariadi na Maswa na Meatu na Itilima na Busega huyahitaji, kila mmoja katika mji wake.

SUALA: Je, yafaa sheikh kupokea heshima kutoka kwa jumuiya ya utamaduni isiyo ya dini, au kutoka kwa watu wasio Waislamu?

JAWABU: Yafaa. Mtume S.A.W. alipokea hidaya ya Mukaukis, mkubwa wa Misri, naye hakuwa Mwislamu. Lakini Nabii Sulaiman A.S. aliikataa hidaya ya Malkia wa Sabaa, kama ilivyotajwa katika Suratun-Naml, kwa sababu mali ile ilikuja mahali pa jawabu. Wao wameitwa kwenye dini nao wakatuma mali ili waachwe walivyo. Basi tofauti ni makusudio. Hidaya ya mapenzi na ujirani hupokewa. Hidaya iletwayo ili mtu anyamaze juu ya haki, au aihalalishe batili, hurudishwa kwa adabu, hata kama imefungwa katika hariri.

SUALA: Joho likiwa la hariri, au nishani ikiwa ya dhahabu?

JAWABU: Haijuzu kwa mwanamume kuvaa hariri wala dhahabu. Fedha nayo haijuzu kwake kuivaa kwa pambo ila pete. Wala si lazima kumfedhehesha mtoaji mbele ya watu. Muslim amepokea kuwa Ukaidir, mtawala wa Duma, alimletea Mtume S.A.W. nguo ya hariri. Mtume akampa Sayyidna Ali akamwamuru aikate ifanywe mitandio ya kina Fatima. Basi mwenye kupewa joho la hariri alipokee, kisha awape wanawake wa nyumba yake. Mwenye kupewa nishani ya dhahabu asiitundike kifuani, bali aimiliki au aiuze. Na ikiwa dhahabu yake, pamoja na nyingine aliyo nayo, imefika nisabu, nayo ni mithkali ishirini, ambazo kwa hesabu ya wengi ni kama gramu 85, na mwaka ukapita juu yake, basi ina zaka. Ama nishani ya shaba au chuma haina neno. Na ikiwa imepakwa dhahabu kidogo tu, ambayo ikitiwa motoni haipatikani kitu, kuitumia si haramu.

SUALA: Na vazi la kitemi, lenye ngozi ya mnyama na vitu vilivyofungwa juu yake?

JAWABU: Kigoda na mkuki na shuka ni vyombo vya ada, na ada isiyopingana na sharia haikatazwi. Lakini hirizi za kienyeji zilizofungwa kwa kutakia kinga kwa mizimu hazivaliwi, wala mnyama aliyechinjwa kwa ajili ya mizimu haliwi; na ikiwa watachinja kwa ajili ya mgeni, mchinjaji awe Mwislamu na achinje kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ama ngozi ya simba au chui, kwa madhehebu ya Shafii ngozi hutoharika kwa kudabighiwa isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Lakini manyoya yake, kwa kauli yenye nguvu, hayatohariki kwa kudabighiwa. Na imepokewa Hadithi ya kukataza ngozi za wanyama wakali. Basi kuiacha ndiyo salama, khasa kwa mtu atakayeinuka hapo aende akasali. Na wenyeji wakielezwa mapema kwa maneno mazuri huelewa. Kwani Msukuma anajua kuwa kila mgeni ana mwiko wake.

SUALA: Mali ya kumtukuza mgeni itoke wapi?

JAWABU: Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mali iliyochangwa kwa ajili ya kuezeka madrasa haigeuzwi ikawa joho la mgeni, kwani waliotoa walitoa kwa jambo walilolitaja. Mali ya wakfu hufuata sharti la aliyeweka wakfu. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratut-Tauba, na mgeni tajiri mwenye kutukuzwa si mmoja wao kwa sababu ya utukufu wake. Na mali ya mayatima haiguswi. Basi na wachange mchango mbali, wautaje kwa jina lake, na mhazini auandike mbali. Na atakayetoa atoe kwa ridhaa yake, asiandikiwe na kutangazwa jina lake hata akatoa kwa kuona haya, kwa sababu mali ya mtu si halali ila kwa kuridhika kwa nafsi yake.

SUALA: Na kumsifu mgeni mbele yake?

JAWABU: Zimepokewa Hadithi za kukataza, na katika hizo ni ile ambayo Mtume S.A.W. alimwambia mwenye kusifu kuwa ameikata shingo ya mwenziwe; na zimepokewa nyingine ambazo yeye mwenyewe aliwasifu Masahaba mbele yao. Imamu Nawawi amezikusanya akabainisha kuwa anayehofiwa kuharibika kwa kusifiwa, haipendezi kumsifu usoni. Na aliye salama kwa ukamilifu wa imani yake, hapana ubaya. Basi msomaji wa karatasi ya sifa na ataje yaliyo kweli: amesoma wapi, amefundisha nini, amepatanisha nani. Asimpandishe mtu daraja ya mawalii kwa sababu ya safari ya siku moja.

FASLI YA NNE: MIPAKA YA MWENYE KUPEWA

Mwenye kupewa ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi, kwani mtoaji huhatarisha mali yake, na mpewaji huhatarisha dini yake. Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira khabari ya watu watatu wa kwanza watakaohukumiwa Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyejifunza elimu akaifundisha na akasoma Qur'ani ili aitwe mwanachuoni na aitwe msomaji. Naye ataambiwa kuwa amekwisha kuitwa, kisha ataburutwa kwa uso wake motoni. Basi kila sheikh anapovikwa joho na akaitwa kwa majina makubwa, na akumbuke kuwa huko "kuitwa" huenda ndiko malipo yake yote, ikiwa moyo wake haukutaka jingine.

Lakini pia haifai kuikataa kwa kujionyesha ukavu wa dunia, kwani kukataa nako kwaweza kuwa njia ya kutafuta sifa. Mtume S.A.W. alimfundisha Sayyidna Umar kuwa mali itakayomjia naye haikuitamani wala hakuiomba, aichukue; na isiyokuja hivyo, asiifuatishe nafsi yake. Hiyo ndiyo mizani. Sheikh anayepeleka khabari mbele kuwa haji ila kwa kitu fulani, ameitamani na ameiomba. Na aliyekuja kwa ajili ya elimu, wenyeji wakamfurahisha, huyo na apokee, awashukuru watu, awaombee dua, na awarudishie wema kama alivyokuwa Mtume S.A.W., ambaye alikuwa akipokea hidaya na akilipa kwa wema mfano wake.

Na ikiwa mgeni ni kadhi, au ni mtu ambaye neno lake huamua jambo la watu hao, hukumu ni nzito zaidi. Imo katika vitabu vya madhehebu, katika mlango wa ukadhi, kuwa kadhi ni haramu kwake kupokea hidaya ya mwenye kesi mbele yake, au ya mtu ambaye hakuwa na ada ya kumpa kabla ya kushika kazi. Na asili yake ni khabari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi na kusema kuwa hii ni yenu, na hii nimepewa hidaya, Mtume S.A.W. akapanda juu ya mimbari akakemea, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama angeletewa. Swali hilo latosha kuwa kioo cha kila mwenye cheo. Kama msikiti wenye ugomvi wa uimamu umemvika joho yule atakayeuamua ugomvi huo, je, angevikwa kama asingekuwa muamuzi?

Kisha mgeni ana wajibu wa kuacha kitu nyuma yake. Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sheikh akifika Bariadi akala, akavikwa, akapigwa picha, akaondoka kabla ya kufundisha hata mas'ala moja ya udhu, wenyeji wamepona ugonjwa gani? Na asidhani kuwa wingi wa watu uwanjani ni dalili ya faida. Katika Usukuma ziko jamii mbili za wacheza ngoma, Wagika na Wagalu, ambao toka zamani hushindana baada ya mavuno. Na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hiyo ni hukumu ya ngoma. Haifai kuwa ndiyo hukumu ya elimu, kwani huenda mtu akahudhuriwa na maelfu wakaondoka kama walivyokuja, na mwingine akaketi na watoto saba akawatoa saba wanaojua sala.

FASLI YA TANO: MWALIMU ALIYE NYUMBANI

Na huyo mwenye watoto saba ndiye anayesahauliwa. Katika vijiji vya Simiyu yuko mwalimu wa chuo ambaye asubuhi hulima shamba lake la pamba au mtama, na alasiri huketi chini ya mti akawafundisha alifu na bee watoto waliotoka machungani, na vumbi la ng'ombe lingali miguuni mwao. Watu wa hapo Waislamu ni wachache, na wazee wengi hawakusoma, basi mtoto akikosa kwa mwalimu huyo hana pengine pa kupata. Ada yake ni kidogo, na mara nyingi hailipwi. Mzazi husema ngoja pamba iuzwe, na pamba ikiuzwa husema ngoja mwaka ujao. Kisha siku ya mgeni, mwalimu huyo ndiye atandikaye mikeka na kuteka maji. Wanafunzi wake husoma mbele ya mgeni, mgeni husifiwa kwa kisomo chao, na jina la aliyewasomesha halitajwi.

Hili si jambo dogo la adabu tu. Ada ya mwalimu iliyoahidiwa ni deni, na kulipa deni ni wajibu. Hidaya ya mgeni ni sunna. Na hapana mwanachuoni aliyesema kuwa sunna hutangulizwa juu ya wajibu. Wenye kumvika mgeni joho la thamani, na mwalimu wao wanamdai subira ya miezi sita, wamejenga dari kabla ya ukuta. Tena wameonyesha kuwa walichokitukuza si elimu, kwani elimu iko kwao kila siku wasiione; wamekitukuza kile kilichotoka mbali.

Basi madrasa au jumuiya inayotaka kumtukuza mgeni na ifanye mambo matatu. La kwanza, imlipe mwalimu wake kabla ya siku ya mgeni, hata kama kwa hivyo joho litakuwa la bei ndogo. La pili, imweke mwalimu karibu na mgeni katika safu, na imtaje kwa jina lake mbele ya watu. Na mgeni mwenye elimu atafurahi kwa hayo, kwani naye alifundishwa alifu na mtu ambaye leo hakuna amjuaye. La tatu, sehemu ya heshima ya mgeni igeuzwe iwe kitu kisichoondoka naye: misahafu, au vitabu vya Safina na Abu Shujaa kwa wanafunzi, au pipa la maji ya udhu, au bati la chuo, na iandikwe kuwa imetolewa kwa heshima ya fulani. Hiyo itakuwa sadaka yenye kuendelea kwa waliotoa na kwa aliyeheshimiwa pamoja, na thawabu yake haitalala sandukuni kama nishani.

KHATIMA

Jumla ya darsa hii ni kuwa kumheshimu mgeni mwenye elimu ni jambo jema lenye asili katika dini, na ada njema za Usukuma zinaweza kulibeba bila ya kuvunja sharia. Mtoaji ataangalia mali yake imetoka wapi na kitu chake ni halali kuvaliwa. Mpewaji ataangalia moyo wake unataka nini na cheo chake kinanunuliwa au hakinunuliwi. Na wote wawili watamwangalia mwalimu aliyekaa nyuma ya watoto. Sayyid Ahmad bin Sumait alitukuzwa na Sultani, kisha akarudi kuwa mwanafunzi, kisha akawatumikia watu hata kufa kwake. Dola iliyomtukuza imekwisha, na darasa ya kitabu chake haijesha.

Ewe Mola, wape wenye elimu ikhlasi, na wenye mali mkono mweupe, na waalimu wa vyuo riziki iliyo halali na subira njema. Wala usitufanye miongoni mwa wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Amin.

Maswali kwa wanafunzi:
1. Taja watu watatu ambao kuwatukuza ni katika kumtukuza Mwenyezi Mungu, na sharti ya wa pili wao.
2. Kwa nini Mtume S.A.W. alipokea hidaya ya Mukaukis, na Nabii Sulaiman A.S. akaikataa ya Malkia wa Sabaa?
3. Mwanamume aliyepewa nishani ya dhahabu afanye nini nayo, na lini itakuwa na zaka?
4. Madrasa ina shilingi za kumpa mgeni hidaya, na mwalimu wake anadai ada ya miezi sita. Kipi hutangulizwa, na kwa dalili gani?